Jalila Hajambo

Mtaa mzima wa Mishomoroni ulijua kuwa nyumba ya Bi Dhahabu haina mgonjwa. Si kwamba watu wake walikuwa wa chuma. Mbu wa mle ni wale wale wa nyumba zote, na homa haichagui mlango. Lakini ukimuuliza hali mtu wa nyumba ile, hukumsikia akikutajia kichwa wala mgongo wala tumbo. Hujambo? Sijambo. Wa hali gani? Alhamdulillah. Yakaishia hapo. Marehemu mumewe alichimba mawe ya kujengea maisha yake yote mpaka vumbi likamla kifua, akawa akikohoa damu kitambaani, na bado kila aliyepiga hodi kumtazama alijibiwa "Twashukuru, twaendelea vyema." Alijibu hivyo mpaka asubuhi aliyokufa. Bi Dhahabu aliisimulia habari hiyo kwa fahari, utadhani mumewe alijenga msikiti.

Mjukuu wake Jalila alilelewa ndani ya adabu hiyo. Mamake, Mwanarehema, alikuwa Arabuni akifanya kazi za nyumba za watu, na kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. Bi Dhahabu aliketi ubavuni mwa mtoto simu ikilia.

"Mwambie hujambo," alimnong'oneza. "Mamako yuko kwa watu. Ukimwambia unaumwa atafanya nini, aruke bahari?"

Na Jalila alisema hajambo. Siku moja alipokuwa mdogo aliteleza, akasema mbele ya wageni, "Nyanya, tumbo laniuma." Bi Dhahabu alitabasamu, akawamiminia wageni kahawa, akawasindikiza mpaka barazani kwa maneno matamu. Kisha akarudi ndani akamfinya mtoto paja, pale panapouma na pasipoonekana.

"Maradhi hayatajwi mbele za watu," alimwambia. "Ukiyataja yaitika. Umefahamu?"

"Abee nyanya, nimefahamu."

Mtoto alifahamu, wallahi. Kuna watoto waambiwao jambo mara mia na wasishike, na kuna huyu aliyeambiwa mara moja.

Kwenye vyumba vya uani alipanga Emmaculate, mama mmoja wa bara aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli huko Shanzu, pamoja na bintiye Achieng. Achieng na Jalila walisoma darasa moja, wakaenda na kurudi pamoja. Na huyo Achieng, jamani! Ukimuuliza hujambo, atakujibu hasa. "Aa, nyanya, leo goti linaniuma, na jana niliharisha, na jino hili la nyuma halijaacha." Bi Dhahabu alicheka mpaka leso ikamvuka begani.

"Watoto wa bara!" aliwaambia jirani zake. "Wewe umemsalimu tu, yeye akufungulia duka la dawa."

Basi Jalila akawa na mbio. Hakuna aliyemfunza, alikuwa na miguu mirefu na pumzi za kutosha, na alipokimbia uso wake ulifunguka namna ambayo haukufunguka nyumbani. Bi Dhahabu hakupenda. Mtoto wa kike, anaanza kuvunja ungo, akurupuke uwanjani mbele za wanaume? Lakini Mwalimu Masha, mwalimu wa michezo, alikuja mwenyewe nyumbani. Alibisha hodi kwa heshima, akamwamkua Bi Dhahabu shikamoo, akaketi barazani akala kaimati, akaahidi kwamba mtoto atavaa suruali ndefu na hijabu, na kwamba akishinda mashindano ya Kisauni atapata shule nzuri ya bweni bila ya kulipa. Bi Dhahabu alimtazama Jalila aliyesimama mlangoni, mikono kaifumbata kifuani, macho yakimng'ara. Moyo wake ukalegea kidogo.

"Haya, akimbie," alisema. "Lakini siku n'takayosikia 'nyanya, naumwa mguu', mbio zishakwisha. Sitaki mtoto wa kunirudia na vilio. Tumeelewana, Jalila?"

"Tumeelewana, nyanya."

Mtego ukategwa hapo hapo, na aliyeutega akamwongeza mgeni kaimati.

Mwalimu Masha naye alikuwa na mila yake. Kabla ya mazoezi aliwapanga watoto kwenye ule uwanja wao wa changarawe na kuwapigia kelele: "Wazima?" Nao hujibu, "Wazima!" Kisha huuliza kwa sauti ya chini, ya kirafiki, "Kuna mgonjwa?" Ole wake atakayeinua mkono. Atazungushwa uwanja akiruka kichurachura mpaka ugonjwa utoke kwa jasho, na wazima wakimpigia makofi. Watoto wote walishajifunza. Ni Achieng peke yake aliyeendelea kuinua mkono, na Achieng peke yake aliyeruka kichurachura wiki baada ya wiki, akinung'unika njia nzima kwamba kweli goti linauma. Bi Dhahabu aliposimuliwa hayo alisema mwalimu huyo amefunzwa na wazee wake.

Sasa nawaambia jambo moja. Bi Dhahabu hakuwa kipofu. Wako watakaokuja kumtetea kwamba hakujua, maskini, mtu mzima, macho yake mabovu. Waongo! Macho yake yalitunga uzi kwenye sindano. Aliona Ramadhani ile mtoto akiketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, kama anayeuomba ruhusa mguu wake. Aliona kwenye tarawehe Jalila ameegemea upande wa kulia, na akanyoosha mkono katikati ya safu ya wanawake akamfinya ili asimame sawa. Aliona juu ya goti la kushoto pana uvimbe, mdogo, mgumu, wa kushikika. Akajiambia mtoto anakua, mifupa yajinyoosha. Akapasha mafuta ya simsim, akamlaza mkekani, akaukanda uvimbe ule kwa vidole gumba vyote viwili na kwa nguvu zake zote, kama anayekanda unga wa chapati. Jalila alikuwa na pembe ya leso kinywani.

"Laumiza?"

Jalila aliitoa leso. "La, nyanya."

"Nilijua," alisema Bi Dhahabu, akaendelea kukanda.

Akaukanda hivyo kila baada ya magharibi, na kila siku alimuuliza, na kila siku alijibiwa jibu alilolitaka. Uvimbe haukupungua. Bi Dhahabu akaongeza nguvu.

Baada ya Idi, shuleni kukaja wauguzi. Walipiga hema uwanjani wakatangaza kwamba kila mtoto atapimwa na kuulizwa habari za afya yake, na mzazi aje. Bi Dhahabu alivaa buibui jipya, akajifukiza udi, akaenda. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Rispa, msichana mwenye sauti ya upole na safu ndefu ya watoto mbele yake. Alimpima Jalila urefu na uzito, akamtazama macho na ulimi, kisha akamuuliza.

"Jalila, kuna pahali popote panakuuma?"

"Sijambo, alhamdulillah."

"Najua hujambo, mami. Nimeuliza kama kuna pahali panauma."

Jalila alimtazama nyanyake. Bi Dhahabu alikuwa akiliweka sawa buibui lake, lakini jicho moja lilikuwa kazini. Mwalimu Masha alisimama kando, mikono kaikunja, kwa kuwa mashindano ya shule za Kisauni yalikuwa yamekaribia na alitaka kujua wakimbiaji wake wanaulizwa nini.

"Hapana," Jalila alisema.

"Mguu unamuuma, sista!" Sauti ilitoka kwenye safu. Ni Achieng, nani mwingine? "Huu wa kushoto. Huwa anaufunga na kitambaa kule chooni akilia. Mimi ndiye humbebea begi."

Muuguzi Rispa aliinama akakamata pindo la sketi ya Jalila.

"Hebu nione."

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema Bi Dhahabu. Sauti yake ilikuwa asali tupu. "Jalila."

"Abee nyanya."

"Mwenzio asema waumwa. Mimi nalala nawe kitanda kimoja tangu hujaota meno, sijasikia. Yeye wa uani kasikia. Haya, sema mbele za watu. Waumwa?"

Ah, swali gani hilo! Liliulizwa kwa upole wote, na ndani yake mlikuwa na kidole na paja. Mlikuwa pia na uwanja wa mashindano, na shule ya bweni, na mbio zote zitakazofungiwa kabatini siku hiyo hiyo. Jalila alilimeza jibu la kweli kwa namna iliyoonekana kooni.

"La, nyanya."

"Basi asemaye lisilokuwepo huitwaje?"

Jalila akainamisha kichwa.

"Nakuuliza. Huitwaje?"

"Muongo."

"Usinambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Jalila aligeuka. Achieng alikuwa amesimama na kadi yake mkononi, kinywa wazi.

"Achieng, wewe ni muongo," Jalila alisema.

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Masha naye akacheka, akasema huyo dawa yake ni kichurachura. Achieng hakulia. Alimtazama rafikiye, akasema, "Sawa," akarudi nyuma ya safu.

Muuguzi alikuwa bado ameshika pindo la sketi. "Bi mkubwa," alisema polepole, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Usinipe methali, binti. Miye nimezaliwa nazo ndani," alijibu Bi Dhahabu, akaupangusa mkono wa yule msichana kutoka kwenye nguo ya mjukuu wake kama anayepangusa vumbi. "Mtoto kashakwambia hajambo. Wataka kumzulia maradhi? Andika hajambo, uwatazame na wenzake."

Watoto walikuwa wengi na jua lilikuwa likichoma hema. Muuguzi akaandika.

Njiani Bi Dhahabu alijihisi kijana. Alimnunulia Jalila viazi karai kwa ukwaju na pilipili, akamwambia, "Leo umenitoa kimasomaso." Akatembea mbele kwa raha, na hakugeuka kutazama kwa nini mtoto yuko nyuma vile.

Tangu siku hiyo Achieng hakumngoja tena Jalila asubuhi. Begi la vitabu likabebwa na mwenyewe. Jalila alianza kuchelewa kurudi, njia ile ile fupi akiimaliza kwa muda mrefu, na alipofika aliketi kimya, hachezi, hataki chakula. Bi Dhahabu akawaambia jirani mtoto ameanza kupata utulivu wa kike.

Siku ya mashindano Bi Dhahabu alikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza. Yalifanyika Bamburi, na aliketi kivulini pamoja na jirani zake, na birika la chai. Jalila alipotokea na hijabu yake nyeupe, wanawake wakapiga vigelegele. Zilikuwa mbio za mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati ya wenzake, na wa pili akaanza kuwapita, mmoja, mwingine, mwingine, na Bi Dhahabu akajikuta amesimama kwenye kamba, buibui limemvuka kichwa, anapiga kelele kama wahuni wa mpirani.

"Haya Jalila! Haya mwanangu! Usiwaachie!"

Alikuwa wa mbele kabisa alipoanguka. Hakujikwaa wala hakusukumwa. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba walisikia mlio kwanza, kama wa kijiti kikavu, na ndipo wakamwona chini. Wengine wakampita. Ilibaki njia fupi tu mpaka kwenye utepe.

"Inuka!" Bi Dhahabu alipiga kelele. "Inuka, Jalila! Utatuaibisha!"

Na Jalila alisikia. Mtoto aliyelelewa kuitika abee huitika hata pale. Aliweka viganja viwili kwenye mchanga, akajisukuma, akasimama juu ya mguu ule wa kushoto. Mguu ukakunjika mahali pasipokuwa na kiungo.

Hata hapo hakupiga ukelele. Aliita "Nyanya" mara moja, kwa sauti ndogo. Mwalimu Masha alimfikia wa kwanza, akapiga magoti, akauona ule mfupa ulivyokaa, uso ukamgeuka majivu. Lakini ulimi wake haukujua swali jingine.

"Uko mzima?"

"Mzima, mwalimu," alisema Jalila.

Kulikuwa na hospitali, kulikuwa na picha, kulikuwa na kipande cha nyama kilichochukuliwa kikapelekwa kupimwa, na wiki za kungoja. Daktari Ahmad, kijana wa watu aliyemwamkua Bi Dhahabu vizuri, alimkalisha kitini na kumweleza. Saratani. Ilikuwa ndani ya mfupa, juu ya goti, imeula mfupa mpaka ukabaki ganda, na ndiyo sababu ulivunjika kwa kukimbia tu.

"Ilianza kumuuma lini, bibi?"

"Hajapata kuumwa," alisema Bi Dhahabu.

Daktari alimtazama, kisha akamgeukia mtoto. Jalila naye akamtazama nyanyake kwanza.

"Sema tu," Bi Dhahabu alimwambia.

"Kabla ya Ramadhani," alisema Jalila.

Daktari akauliza kama kuna aliyeuchua ule uvimbe. Bi Dhahabu alivitazama vidole gumba vyake, akavificha ndani ya leso. Daktari hakuuliza tena. Alisema tu kwamba uvimbe kama ule haukandwi hata kidogo, kwamba wangekuja mapema huenda mguu ungeokolewa, na kwamba sasa mguu utatoka ili mtoto abaki. Alilisema kwa upole. Afadhali angemtukana.

Mwanarehema alikuwa ameambiwa kwenye simu, "Hajambo, kateguka tu." Aliyemwambia kweli ni Emmaculate, akiwa uani, kwa simu yake mwenyewe, siku mguu ulipokatwa. Waajiri hawakumpa ruhusa ya kurudi. Alimpigia mamake, na kwa muda mrefu Bi Dhahabu alisikia kilio tu, kisha maneno machache: "Mama, uliniambia hajambo." Emmaculate alileta uji hospitali kila alipopata nafasi. Achieng hakuja. Alisema yeye ni muongo, akija atasema nini?

Na Bi Dhahabu, nisimdhulumu, alilia. Alilia machozi ya kweli, akagoma kula, akauacha ushungi wake bila kufukizwa. Akashika msahafu, akaapa: tangu leo, lolote litakalotoka kinywani mwa mtoto huyu, nitalisadiki. Akisema kichwa, kichwa. Akisema kucha, kucha. Akaenda akaketi kwenye ubao pembeni mwa kitanda na kumshika Jalila mkono.

"Mwanangu, usinambie tena hujambo. Nambie kweli. Mimi nyanyako nakuomba. Waumwa wapi?"

"Sijambo, nyanya."

Kesho yake alimuuliza tena, na kesho kutwa. Alimbembeleza, alimuahidi simu, alimuahidi paka. Alimbusu viganja. "Sema unaumwa, roho yangu. Sitakasirika, wallahi sitakasirika." Akawa anauomba ugonjwa kama wengine waombavyo mvua. Jalila alijibu kwa adabu ile ile, macho darini, mpaka wauguzi wa wodi wakawa wanampigia mfano: tazameni mtoto mwenye subira, hamsikii akilia.

Ikawa adhuhuri moja, wodi imetulia, wagonjwa wamekula. Bi Dhahabu alikuwa akimpepea kwa kipepeo cha ukili. Akaona midomo ya mtoto inatetema.

"Nyanya."

"Labeka, mwanangu!"

"Naumwa."

Bi Dhahabu alikitupa kipepeo. Moyo ulimpaa kwa furaha, astaghafirullah, furaha! "Alhamdulillah! Wapi, roho yangu? Nambie, nimwite daktari. Wapi?"

"Unyayo. Na vidole. Vyachoma moto, nyanya. Ni kama mtu avikunja."

"Huu?" Bi Dhahabu aliushika mguu wa kulia, akaanza kuupapasa kwa mikono miwili.

"La." Machozi yalikuwa yakimtoka Jalila sasa, ya kwanza tangu aanguke. Akaonyesha kwa kidole. "Ule."

Bi Dhahabu alikifuata kidole kwa macho. Shuka lilikuwa limelala bapa mpaka mwisho wa kitanda. Alilitazama lile shuka tupu, akamtazama mtoto, na akakumbuka kiapo chake. Alikikumbuka vizuri, nasema. Lakini ulimi una njia yake uliyoizoea.

"Mguu huo haupo, Jalila," alisema. "Kisichokuwepo chaumaje? Ni mawazo tu hayo, mwanangu."

Jalila akayafuta machozi kwa pindo la shuka, akalivuta mpaka kidevuni, akalinyoosha vizuri pande zote mbili, kwa ile adabu iliyosifiwa Mishomoroni nzima.

"Haya, nyanya," alisema. "Basi sijambo."